Kirangi Kwenye Ulimbo

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, sogeeni, hii haitaki msinziaji!

Hapo zamani za kale, katika msitu mnene wa bondeni, aliishi ndege mdogo aitwaye Kirangi. Mgongo kijani, tumbo jekundu, mabawa ya buluu, na sauti tamu ajabu! Chakula chake kilikuwa wadudu. Siafu wakipita, panzi hukurupuka, naye huwadaka hewani, kwap!

Siku moja, kando ya msitu huo, mwanamke aitwaye Masika alimwambia mumewe, Kasereka, "Baba Paluku, naenda mtoni. Mtoto kalala mkekani. Usibanduke hapa."

Akabanduka! Alikuwa ametega ulimbo, utomvu wa kunasia ndege, msituni, maana aliyatamani manyoya ya Kirangi ayavae ngomani. Akafika, lo! Kirangi huyo, kanasa mabawa yote mawili.

"Niachie, Kasereka! Siafu wanakwenda kwako!"

Kasereka akacheka. "Kila ndege wa ulimbo ana hadithi yake."

"Niachie, Kasereka! Nimewafuata tangu asubuhi. Wamekwisha kuvuka shamba lenu la mihogo!"

Kasereka akaacha kucheka.

"Kasereka! Hutaki kuniachia, basi nibebe, lakini kimbia!"

Akambandua pamoja na ulimbo wake, akakimbia. Puu! Puu! Puu!

"Siyo huko!" Kirangi akapiga kelele mkononi. "Huko wamejaa! Katiza kwenye migomba!"

Akakatiza kwenye migomba, akaufikia mlango. Ala! Sakafu nzima nyeusi, inatembea! Siafu wa mbele wamekwisha kuupanda mkeka. Kasereka akaruka, akamnyakua mtoto, akatoka huku siafu wanamng'ata miguu yote miwili, yeye anarukaruka, analia. Na Paluku? Akaamka, akaona baba anacheza, akacheka!

Mara Masika akatokea na mtungi kichwani. "Baba Paluku, umeshika nini? Kitoweo?"

"Mgeni," akajibu. "Mimi nilibanduka, Mama Paluku. Huyu ndiye aliyeniita. Mletee mawese, tumtoe ulimbo."

Masika akaitazama nyumba. Akamtazama mtoto. Akaketi, akampaka Kirangi mawese, unyoya kwa unyoya, mpaka bawa la mwisho likafunguka.

Kirangi akajikung'uta. "Ahsanteni, jamani, lakini nina njaa!"

Akapenya mlangoni mwao. Panzi wakarukia dari, mende wakarukia ukuta. Kwap! Kwap! Kwap!

Hadithi yangu imeishia hapo, Kirangi angali anakula.