Chombo Hupimwa Kikisimama

Chombo hupimwa kikisimama. Mmeisikia asubuhi pale mnadani, mama mmoja akimwambia mwenzake kuhusu kijana aliyemposa binti yake, na ninyi mkaja mbio kuuliza ni chombo gani na kusimama gani. Kaeni basi, na anayetaka kuchezea simu akachezee nje. Hii si methali ya mababu, msidanganyike. Watu walioizaa bado wanakula na kulala, na ilizaliwa hivi.

Kijitoni palikuwa na mvuvi akiitwa Khelef, mtu wa miaka thelathini na kitu, hodari wa mshipi, na tuseme kweli, mpenda sifa. Samaki wa ndani ya mwamba walikuwa wamepungua, wamebaki wadogo wadogo wa kutia aibu kwenye kikaango. Kolekole na nguru walikuwa nje, kwenye maji makubwa, na ngalawa ya Khelef ilimlia siku nzima kwenda na kurudi. Basi hoteli moja ng'ambo ya ghuba ikafungwa na vitu vyake vikauzwa, zikiwemo pikipiki mbili za maji, zile ambazo watalii hupanda wakipiga kelele. Bei yake ilikuwa moja. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyembamba, pua imechongoka. Ya pili ilikuwa ya kijivu, pana kama kitanda, nzito, na nyuma ina mahali bapa pa kufungia mzigo.

Sasa watu wa Kijitoni wana desturi yao. Kwao chombo hakinunuliwi mpaka kikalishwe. Hukitia kwenye maji ya kiunoni, watu wawili wakakaa upande mmoja na kikapu cha mawe mapajani, wakala chakula chao cha mchana pale pale bila haraka. Wakimaliza kula hawajalowa, chombo kinafaa. Kikiwamwaga, mwenye nacho anakirudisha alikokitoa. Siku ya kununua, shangazi yake Khelef, Bi Mize, alifika pwani na kikapu cha mawe kichwani na bakuli la muhogo mkononi.

Khelef aliona haya. Watu walikuwa wamejaa, na mlinzi wa hoteli, aliyezileta kuziuza, alikuwa ameanza kucheka.

"Shangazi, hii ni mashine," alisema kwa sauti ya chini. "Mambo ya mawe ni ya ngalawa."

"Mashine haiingii majini?"

"Inaingia, lakini hii inapimwa kwa mbio."

Akazipanda zote mbili, moja baada ya nyingine, akakata ghuba kwenda na kurudi. Ile ya kijivu ilikwenda kama mtu mwenye mimba. Nyekundu iliruka juu ya maji, watu wakashangilia, na Khelef aliposhuka alikuwa ameshaamua. Bi Mize alimwaga mawe yake mchangani, akala muhogo wake peke yake, akaenda zake. Ya kijivu ilichukuliwa na Vuai, mpole mmoja mwenye kigugumizi, ambaye aliikalisha na mkewe kwa wali na maharage mpaka watu wakachoka kuwatazama.

Mwezi wa kwanza Khelef alivua ndani ya mwamba. Alijifunza kuzima injini maji yakifika magotini, maana kinywa cha mashine kiko chini ya tumbo na hunyonya mchanga na majani. Hapo alishuka, akaisukuma kwa mkono, akarusha mshipi. Mashine ikiegemea, aliteremsha mguu tu, akakanyaga chini. Ndiyo maana hakujua kosa lake, kwa kuwa maji ya magotini yalimfichia. Kila jioni alirudi kwa kishindo, akipiga duara mbili mbele ya pwani ili kila mtu aone.

Kisha akataka kwenda nje. Alihitaji mtu wa pili, na mtu aliyepatikana ni Tashrifu, mume wa mdogo wake Salme, fundi wa redio kutoka mjini. Kuogelea alijua, lakini kwa kiasi cha mtu aliyejifunzia kidimbwini. Salme alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliwafuata mpaka ukingoni, akamkazia mumewe mikanda ya jaketi la kuokolea, halafu akamgeukia kaka yake.

"Kaka, uliyeondoka naye ndiye utakayerudi naye."

"Alasiri tuko nyumbani," alisema Khelef. "Weka sufuria jikoni."

Walivuka mwamba na kuendelea mpaka nchi kavu ikawa mstari mwembamba. Maji yalibadilika rangi, kutoka kijani kuwa buluu, kutoka buluu kuwa giza. Pale Khelef akazima injini.

Kimya kilichofuata hakukipenda. Kwa mara ya kwanza mashine ilisimama mahali ambapo mguu hauna pa kukanyaga, na mara hiyo hiyo ilianza kuyumba. Ilikwenda kulia ikasita, ikaja kushoto ikasita. Mtu akikohoa, iliitika. Khelef alishika usukani kwa mikono miwili, akajikaza asionyeshe hofu.

"Shemeji, mbona inacheza hivi?" aliuliza Tashrifu.

"Ni wimbi tu. Wewe kaa kati."

Wakarusha mishipi, mmoja kulia na mwingine kushoto, wakipeana migongo, hakuna aliyethubutu kugeuka bila kumwarifu mwenzake. Wangevua hivyo labda mpaka jioni. Lakini kolekole mkubwa alishika mshipi wa Tashrifu, akapita chini ya mashine na kutokea upande wa pili. Tashrifu akaufuata kwa mwili wake wote. Khelef, mvuvi tangu utotoni, akafanya jambo ambalo mkono wa mvuvi hulifanya bila kuuliza kichwa. Aligeuka kumsaidia, upande ule ule.

Mashine iliwamwaga kama mtu amwagavyo maji ya beseni. Khelef alipotoa kichwa, aliona tumbo la mashine juu na boksi la barafu likielea, limefunguka, samaki wa chambo na damu yao vimetawanyika. Simu ilikuwa ndani ya boksi hilo, na mkondo ulikuwa umeshalikamata.

Mashine hizi zikipinduka zina upande wa kurudishiwa. Mlinzi wa hoteli angemwambia, kama angeuliza kitu kingine zaidi ya mwendo. Khelef alishika ukingo uliokuwa karibu, akavuta kwa nguvu zake zote, na akaigeuza upande usio wake. Ilisimama, lakini maji yalikuwa yameingia kwenye injini. Alipobonyeza kitufe ilikohoa mara moja, kisha haikusema tena.

Tashrifu akajaribu kupanda. Ikapinduka. Wakairudisha, wakajaribu kwa nyuma, nayo ikazama nyuma, ikalala ubavu na kuwatupa. Kila mara ilirudi nzito zaidi, kwa sababu tumbo lake lilikuwa linajaa. Safari ya nne Khelef alielewa kwamba ikipinduka mara mbili tatu zaidi itakwenda chini, na kule nje kichwa cha mtu hakionekani na yeyote. Aliogopa. Aliogopa mpaka meno yakagongana, na jua lilikuwa la saa sita mchana.

Akakumbuka ngalawa, jinsi inavyosimama kwa zile mbao zake mbili za pembeni, moja huku na moja kule.

"Tashrifu, nisikilize. Hatupandi tena. Wewe kaa kulia, mimi kushoto. Tushikane mikono juu ya kiti. Sisi ndio mbao za ngalawa."

"Tukae majini?"

"Majini."

"Mpaka lini?"

Khelef alinyoosha mikono juu ya kiti. Walishikana vifundo vya mikono, na kwa mara ya kwanza tangu injini izimwe, mashine ikatulia.

Saa ziliwapita hivyo. Chumvi iliwachubua midomo, mikono ikafa ganzi. Khelef hakumwona Tashrifu ila macho na paji la uso, na kila wimbi lilipopita aliyatafuta macho yale upya. Alijaribu kupanga maneno atakayomwambia Salme. Hakuna lililokaa. Basi wakati jua limekwisha kuinama, Tashrifu alipiga ukelele.

"Kuna kitu chini! Kimenigusa mguu!"

"Usirushe miguu."

"Kimenigusa, wallahi! Shemeji, niachie nipande!"

"Ukipanda tutapinduka, na hii mashine haiinuki tena."

"Niachie!"

"Sikuachii."

"Wewe hakijakugusa!"

Wakati ule ule kitu kikapita kwenye goti la Khelef. Kilikuwa kikubwa, kigumu, na hakikuwa na haraka yoyote. Mpaka leo hajui kilikuwa nini. Alitaka kujirusha juu ya kiti, amwache shemeji yake, amwache kila mtu. Hilo hakumficha mtu baadaye. Lakini akaziba pumzi na kubana vile vifundo mpaka kucha zikaingia nyamani.

"Kimenigusa na mimi," alisema. "Tulia. Ukiniachia, nimekufa. Nikikuachia, umekufa. Soma chochote unachokijua."

Tashrifu akaanza kusoma, sauti ikikatika, akarudia sura ile ile fupi mara nyingi mno. Kitu kile kilirudi mara moja, kikapita mbali kidogo, kisha hakikurudi. Wao hawakujua kwamba hakitarudi, kwa hiyo waliendelea kukingoja.

Huku nyuma, alasiri iliadhiniwa na Salme hakuona mtu. Hakulia, hakuita majirani. Alikwenda moja kwa moja kwa Vuai. Vuai alifunga madumu mawili ya petroli nyuma ya ile ya kijivu, akauliza mkondo wa siku hiyo unaelekea wapi, akaufuata polepole, huku akizima injini kila baada ya muda ili asikilize. Unaweza kuzima na kusikiliza ukiwa na chombo kinachojua kusimama. Alipozima mara ya mwisho, akasikia mtu anasoma.

Aliwafikia jua likigusa maji. Tashrifu hakuweza kukunjua vidole, ikabidi Vuai amfungue kimoja kimoja. Alimvuta kwa ubavuni, mzigo mzima wa mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, na kijivu kikainama, kikafikiri, kikabaki pale pale. Khelef akavutwa upande ule ule. Kikainama tena, kikabaki. Khelef alilala kifudifudi juu ya kile chombo alichokidharau, akalia bila kuficha. Nyuma yao nyekundu ililala ubavu, ikaanza kwenda chini.

Pwani nzima ilikuwa imesimama. Salme alikuwa ndani ya maji mpaka tumboni, na hakumkumbatia mumewe kwanza. Alimshika uso, akamgeuza huku na huku, kama mtu anayekagua bidhaa ikiwa nzima. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mlikuwa mnakwenda mbio kiasi gani?"

Watu wote walitaka kulijua hilo. Kila mtu alikuwa ameshasema moyoni kwamba ni mbio zake zilizomponza.

"Hatukuwa tunakwenda," Khelef alisema. "Salme, tulikuwa tumesimama."

Bi Mize ndiye aliyesema, wala hakusema kwa kusuta. Alisema kama mtu anayefunga hesabu ya msiba ulioponyoka: "Kukimbia kila chombo kinajua, mwanangu. Chombo hupimwa kikisimama."

Tangu siku hiyo likawa neno la watu. Atakuja mtu kwenu anayeng'ara penye ngoma, mwepesi wa maneno, kila mahali yumo. Msikimbilie kumsifu. Ngojeni siku ambayo hana kazi, hana sifa, mzigo wote umelalia upande wake mmoja, na chini yake hakuna pa kukanyaga. Yule mama wa mnadani alikuwa anamwambia mwenzake hilo hilo. Tashrifu mpaka leo hakai kitini asipokigusa kwanza kwa mkono, na bintiye aliyezaliwa miezi miwili baadaye anamcheka. Anajua kwa nini babaye yupo wa kuchekwa. Chombo hupimwa kikisimama.