Saa ya Ndovu

Hapo zamani za kale, na anayetaka kubisha abishe sasa hivi kabla sijapasha koo, wanyama walikuwa na nyumba, na milango, na vibarua, na matajiri wa kuwasumbua vibarua. Unabisha? Wewe hapo, mwenye kamasi, unabisha? Futa kwanza pua, ndipo ubishe na mimi.

Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alilia, mimi sikulia. Lakini kuna hesabu moja ambayo yeye hakuiweza mpaka anastaafu: saa moja ya fundi ni kiasi gani? Haya, nani anajua? Kimya! Nilijua tu.

Basi mwaka mmoja, huko kwa wanyama, mvua iligoma. Mto ukageuka njia ya vumbi. Aliyebaki na maji ni Ndovu peke yake, matungi aliyoyajaza mapema akayafungia uani, na hayo nayo yalikuwa yanaelekea mwisho. Ndovu akasema, "Nitachimba kisima." Alisema "nitachimba" kama wenye mali wanavyosema: maana yake atachimba mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Mhanga. Mnamjua Mhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, kucha kama majembe. Usicheke! Ukicheka nakufukuza. Alikuwa mjane, na fundi wa visima ambaye sijasikia mfano wake. Akinusa ardhi anakwambia maji yako wapi na yamelala vipi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Tunu, na siku hizo midomo ya Tunu ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Mhanga akambeba mgongoni, akaenda kwa Ndovu.

"Hodi!"

"Karibu, fundi. Nataka kisima kirefu. Saa moja, kibaba kimoja cha mtama. Na maji yakitoka, wa kwanza kuchota ni wewe."

Mhanga akauliza swali la akili. "Saa ya nani, mzee?"

Hapo ndipo pa kusikiliza. Nchi ile saa ilikuwa kibuyu. Unakijaza maji, unakitoboa tundu chini, unakining'iniza mtini juu ya chungu cha kukinga matone: to... to... to... Kikikauka, saa imekwisha. Na desturi yao ilikuwa kila mwenye nyumba apime kwa kibuyu chake mwenyewe.

Ndovu akatoa chake. Lahaula! Tumbo lake ungelipikia pilau ya harusi. Na tundu lake, sisimizi mwembamba angekwama kiunoni.

"Mzee," Mhanga akasema, "hiyo si saa. Hiyo ni siku iliyopewa jina la saa. Vibuyu vya watu vitatu vinaingia humo. Basi nipe vibaba vitatu."

"Kwa kuchimba tu? Hata mvua inachimba, na hatujawahi kuilipa."

"Mvua haina mtoto. Tena saa yangu si ya leo tu, mzee. Ndani yake mna kucha nilizovunja nikijifunza ukuta upi utasimama na upi utaanguka. Hizo siku nani alinilipa?"

"Sikukutuma ujifunze," akasema Ndovu. "Kibaba kimoja. Na ukipanda juu kabla kibuyu hakijakauka, saa hiyo hailipwi, na maji ya kwanza atachota mwingine. Hutaki? Njia ni ile ile uliyojia."

Mhanga akamtazama Tunu. Tunu akalamba midomo, ulimi mkavu kama jani.

"Nimekubali," akasema Mhanga.

Kazi ikaanza. Nyati, kwa sababu ana shingo nene, akapewa kamba ya kumteremsha fundi na kumpandisha. Mhanga chini: chaka, chaka, chaka! Ndovu juu, ameketi anakodolea kibuyu: to... to... to...

"Bado saa?" Mhanga anauliza kutoka shimoni.

"Bado!" Ndovu anajibu.

Siku ile ya kwanza kutwa nzima Mhanga alipata kibaba kimoja. Akarudi nyumbani na mtama usio na maji ya kuupikia.

Sasa anaingia mtu wangu. Pimbi! Mdogo, hana mkia, lakini mdomo anao. Wasomi wanasema Pimbi na Ndovu ni ndugu. Mimi sikusoma, lakini hata mimi hapo nilitaka kubisha. Pimbi alikuwa jirani wa Mhanga, na alipoona kile kibaba akatikisa kichwa. "Dada, kesho niachie mimi."

Kesho yake huyo akafika kwa Ndovu, anatembea kama mwenye shamba.

"Shikamoo, baba mkubwa!"

"Marahaba."

"Mbona unaungua jua?"

"Natazama kibuyu."

"Aaa, baba! Mtu mzima mwenye pembe kama hizo, kukaa anahesabu matone? Watu watasema umefilisika. Nenda kivulini ukalale. Mimi mwanao nitakitazama."

Ndovu akafikiri, na kwake kufikiri kulichukua muda. "Utataka ujira gani?"

"Radhi zako tu, baba."

Basi Ndovu akaenda kivulini. Khoroo! Khoroo! Majani ya mti yakawa yanaingia na kutoka puani mwake.

Pimbi akakata tete, akalipuliza vumbi, akamwita Tunu. "Mwanangu, unaweza kunywa?"

"Kunywa nini, mjomba?"

"Saa."

Akamwinua mpaka kwenye mdomo wa kibuyu. Tunu akatia tete. Fyooo! Fyooo! Kitumbo kikajaa kama ngoma. Kibuyu kikakauka.

"Saa imekwishaaa!" Pimbi akapiga kelele.

Ndovu akashtuka. "Eh? Tayari?"

"Wakati haumsubiri mtu, baba."

"Na kwenye chungu cha chini mbona maji ni kidogo?"

"Jua, baba. Mwaka huu hata jua lina kiu."

Nyati akakuna pembe, hakuelewa, akavuta kamba. Kibuyu kikajazwa tena, kikanywewa tena, na jioni Mhanga akapewa vibaba vitatu. Njiani Pimbi alipomwambia siri, Mhanga alisimama ghafla.

"Mdogo wangu, nimelipwa saa ambazo sikuzifanya?"

"Umezifanya, dada. Ila yeye alizikunja tatu pamoja akaziita moja. Mimi nimezikunjua."

Mhanga akataka kukasirika. Kisha akamwona Tunu anarukaruka mbele yao, anaimba, mara ya kwanza tangu mvua ikatike. Akaendelea na njia na mtama wake.

Ikawa hivyo, siku moja, siku nyingine. Midomo ya Tunu ikapona. Shimo likawa refu, sauti ya Mhanga ikawa inatoka mbali kama ya mtu aliye chumba cha tatu. "Bado saaa?" Na Pimbi anainama ukingoni: "Karibu, dada!"

Mngependa niishie hapo, si ndiyo? Hata mimi ningependa.

Asubuhi moja Pimbi alipofika alimkuta Ndovu amekwisha kaa chini ya kibuyu, ameegemea mti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Hujaenda kivulini?"

"Leo nitakaa na saa yangu mwenyewe," Ndovu akasema. Hata marahaba hakuitika.

Mhanga alikuwa amekwisha teremshwa. Pimbi akaketi na Tunu, akatega sikio. Akasubiri ile to. Haikuja. Akatazama chini ya kibuyu: chungu kikavu kabisa.

"Baba, kibuyu hakidondoshi."

"Kinadondosha polepole. Wakati wa leo hauna haraka."

Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kushuka. Chaka... chaka... Kucha za Mhanga zilikuwa zimechoka, hata mtoto angezisikia.

"Mdogo wangu! Bado saa?"

Pimbi akaruka, akachungulia ndani. Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni.

"Bado," akajibu Ndovu.

Halafu sauti ikaja tena, nyembamba. "Ukuta unatoa jasho! Maji yako hapa hapa! Nivuteni nichukue magogo ya kukinga ukuta, udongo huu hauaminiki!"

Nyati akakaza kamba.

"Saa haijaisha," Ndovu akasema.

"Lakini mzee, fundi mwenyewe ndiye amesema."

"Wewe nani anakulipa?"

Nyati akalegeza kamba. Kumbukeni hilo. Shingo nene yote ile, akalegeza.

"Panda, dada!" Pimbi akapiga kelele shimoni. "Achana na kibaba! Panda!"

"Na maji ya Tunu?"

Pimbi akamgeukia Ndovu. Ndovu akatikisa masikio. "Akipanda sasa, wa kwanza kuchota ni mwingine. Tulipatana."

Kisha Mhanga akasema, "Basi nasubiri. Mwambie Tunu maji ni baridi, nayasikia kwa kucha."

Chaka.

Pimbi, ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa uongo wa kusema, siku hiyo alikosa. Akabaki na meno. Akaruka juu, akaking'ata kibuyu tumboni, akaning'inia, akang'ang'ana, mpaka, paa! Kibuyu kikapasuka, maji yakammwagikia Ndovu kichwani.

"Saa imekwisha! Vuta, Nyati! Saa imekwisha!"

Nyati akavuta. Akavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Kamba ilikuwa nzito, jamani, ilikuwa inakuja. Ndipo ardhi ikasema, duu! Vumbi likatoka shimoni kama pumzi ya mgonjwa.

Na kamba ikawa nyepesi.

Nyati akaendelea kuvuta, taratibu, mpaka ncha ikatokea, haina mtu. Akaitazama. "Nilikuwa naye," akasema. "Mikono yangu inajua. Nilikuwa naye, sasa sinaye."

Kutoka chini wakasikia bubu, bubu, bubu. Maji! Yakapanda, yakapanda mpaka karibu. Kisima chema, maji matamu. Mhanga hakuwahi kukosea.

Ndovu akatia mkonga, akanywa. Alikuwa wa kwanza. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema, "Saa ya leo siihesabu. Kibuyu kimevunjwa."

Nyati aliinama akaokota kigae cha chini cha kibuyu, akakigeuza. Pale penye tundu palikuwa na nta ya nyuki, imebandikwa na kulainishwa vizuri. Akakiweka miguuni pa Ndovu. Akaiweka na kamba juu yake. Akaondoka, na hakurudi.

Tunu aliitwa aje anywe. Alikaa ukingoni, akainama. "Mama," akauliza, "bado saa?"

Hakunywa.

Wanyama walilifunika shimo lile kwa mawe, wakaliita kaburi, na kiu yao yote hiyo hakuna aliyeligusa. Tangu siku hiyo kamba ya kisima huvutwa fundi akisema, si kibuyu kikisema. Na Ndovu hakupata fundi tena mpaka leo. Kiangazi kikikaza utamwona kwenye mto mkavu, anachimba maji mwenyewe kwa miguu na pembe, anahema, na hakuna wa kumhesabia saa. Pimbi naye akahamia miambani. Jua likizama anapiga kelele ile ya kutisha, mnaisikia? "Imekwishaaa! Imekwishaaa!" Anamwita Nyati avute.

Ukimwachia mwenye nyumba akupimie saa, atakupimia na kaburi.

Haya, hadithi nimeitua, anayeitaka aibebe. Mbona hamwondoki?

Aa. Wewe mwenye kamasi. Nilijua utauliza. Ndovu alijuaje?

Pale niliruka. Niliruka makusudi, kwa sababu Pimbi ni mtu wangu na sikupenda mmwone hivyo. Jioni ya kuamkia siku ile, wanyama walikuwa wamekaa na togwa yao ya mwisho, na Pimbi alikuwa amesimama juu ya kichuguu. Hakuna aliyemuuliza kitu. "Mnamwona Ndovu?" akasema. "Masikio kama ungo, na hasikii! Mimi, mimi Pimbi, namnywesha mtoto saa yake kwa tete!" Wakacheka mpaka wakaanguka. Akarudia tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu walicheka.

Masikio yale hayakuwa mapambo.

Tunu alilelewa na Pimbi. Alimlea vizuri, hilo msimnyime. Na kila kiangazi binti yule humuuliza, "Mjomba, Ndovu alijuaje?"

Na Pimbi, bingwa wa maneno, hutazama upande wa pili.

"Sijui, mwanangu," humjibu. "Sijui."