Kurumbiza na Ukuta wa Hondohondo

Hapo zamani za kale, wanangu, milima ilipokuwa bado imejifunika misitu hadi utosini, aliishi ndege mdogo, Kurumbiza. Kiota chake kilikuwa chini, kwenye kigogo kilichooza, na chakula chake wadudu waliokurupushwa na siafu. Kipaji chake kilikuwa kuiga: akisikia sauti ya mtu mara moja, basi, kaichukua!

Siku moja aliacha makinda yake kiotani, akatoka kuwafuata siafu. Kurudi, kiota kitupu! Juu ya kigogo kakaa Hondohondo, lile ndege kubwa, anafuta domo lake refu.

"Shemeji, wanangu wako wapi?"

"Lo! Wale? Nilidhani viwavi!" Akacheka kwa! kwa! kwa! "Utaangua wengine, bibi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kurumbiza hakulia, akaanza kungoja siku yake.

Sasa, kina Hondohondo wana desturi yao. Mke akitaka kutaga, huingia pangoni mwa mti, mlango ukasiribwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitisha chakula tu. Humo hulea makinda, na mume ndiye humlisha.

Msimu huo Bi Hondohondo alikuwa ndani na wanawe. Mume akaja na tini, vuu! vuu! vuu! Kurumbiza, kajibanza kichakani, akapaza sauti ya Tai:

"Kwii! Kwii! Kwii!"

"Mama yangu, Tai!" Tini chini, Hondohondo huyoo! Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Jitu zima lakimbizwa na kindege cha kiganjani! Kurumbiza alicheka mpaka akakaa chini.

Ndani, makinda wakalia njaa: "Chii... chii..."

"Baba watoto," mke akaita, "mbona huji? Nibomoe ukuta nitoke?"

Kurumbiza akasogea kwenye ufa, akajibu kwa sauti ya Hondohondo mwenyewe:

"Usibomoe, mke wangu! Tai yuko nje. Vumilia, naja."

"Haya, mume wangu. Nakungoja."

Akangoja, maskini, maana alikuwa mke mtiifu.

Hondohondo alipopata moyo wa kurudi, aligonga. Kimya. Akabomoa ukuta, akachungulia, akaanguka chini akigaragara.

"Mke wangu! Wanangu! Nani kanifanyia hivi?"

Kurumbiza akaruka mbele yake amwambie, "Ni mimi!" Alilingojea sana neno hilo. Akafungua mdomo, na kilichotoka kikawa:

"Chii... chii..."

Akajaribu tena, ikatoka ile ile, sauti ya makinda waliokufa njaa.

Wanangu, kisasi humlipisha asiye na deni.