Gari la Nne la Mzee Shekalaghe

Mzee Shekalaghe alikuwa na magari matatu na mkono wa birika. Mara mbili aliwafukuza washenga wa Hozza, kijana mwenye kigari chakavu aliyetaka kumwoa bintiye, Mwanaidi.

Siku moja wakala wa bima, mama mmoja mcheshi, alimpitia nyumbani. "Magari manne ya nyumba moja nayakatia bima moja kwa nusu bei, mzee. Matatu hayatoshi."

Mzee hakulala. Kulipokucha alikuwa mlangoni kwa Hozza.

"Mwanangu, leta kigari chako tukikatie bima pamoja na yangu."

"Shikamoo, mzee. Lakini mimi si mtu wa nyumba yako."

"Nani kasema? Twende!"

Ofisini, wakala alimkazia mzee macho. "Huyu kijana ni nani kwako?"

"Mkwe wangu," mzee akajibu.

"Kwa binti yupi?"

"Mwanaidi! Kata bima, mama!"

Mama akaikata, akagonga muhuri, kisha akapiga kigelegele. Wazee wanne wakaingia kutoka chumba cha pili wakiwa wamevaa kanzu.

"Hawa ni wajomba zake Hozza, wamesikia yote," alisema. "Mimi ni mama yake mdogo."

"Na mahari je?" mzee akauliza.

"Si ndiyo hilo punguzo, mkwe?"