Kadi ya Bi Mwanakombo

Mwanamke mmoja alikuwa na kadi. Jina lake Bi Mwanakombo, muuza maandazi, na kadi ile ndiyo iliyomfungulia duka kubwa la jumla ambako unga na mafuta huuzwa kwa bei ya chini. Kuingia humo kuna ada kila mwaka. Asiyelipa, mlango haumfungukii. Na Bi Mwanakombo, ndugu zangu, alikuwa na wajukuu wanaoishi kwa maandazi yale. Akikosa unga wa bei ile, wanalala njaa.

Sasa kadi hiyo ilikuwa na jambo lake. Ukinunua vitu vya laki moja, elfu moja inakurudia. Bi Mwanakombo akapiga hesabu, akasema moyoni: nikinunua sana, marejesho yatafidia ada. Basi akanunua. Alinunua unga wa biashara, hilo sawa. Akanunua na unga wa ziada, na sabuni asizozihitaji, na maboksi ya biskuti, na sufuria ya tatu ilhali jiko lake ni moja. Anatoa laki apate elfu, na anaona amepata. Msimcheke. Wengi wetu tumo humo humo.

Kila mwaka ulipoanza alifika mlangoni, akagusisha kadi, mlango ukafunguka, akaingia kifua mbele. Majirani aliwaambia yeye haingii kwa hisani ya mtu, kadi yake inajilipia. Nyumbani unga uliozidi uliingiwa na wadudu, akaumwaga kimyakimya.

Mwaka mmoja akaugua. Miguu ilivimba, hakukaanga andazi wala kununua hata kiberiti, na marejesho hayakuwapo. Alipopata nafuu, ndani hamna unga na wajukuu wanamtazama, akajikokota mpaka dukani. Aliogopa, aliogopa kweli. Akaigusisha kadi huku amefumba macho, na mlango ukafunguka kama siku zote.

Hakuingia. Alimwendea mhudumu aliyekaa mlangoni na kompyuta yake, akamweleza ukweli wote: kwamba mwaka huu hana marejesho, kwamba lazima pana makosa, wasije wakamwona mwizi. Mhudumu akatazama, akatazama tena, kisha akasema kwa upole, "Bibi, ada yako haijawahi kukatwa kwenye marejesho, mwenye duka amekulipia tangu mwaka wa kwanza, na vielfu vyako vyote vipo hapa, havijaguswa."

 Bi Mwanakombo hakuwahi hata kumwona huyo mwenye duka. Akaketi sakafuni, watu wakimpita na matoroli yao, akautazama mlango ule kana kwamba anauona kwa mara ya kwanza. Majigambo yote yale, na unga wote ule uliomwagwa, na kumbe ada ilikuwa imeshalipwa. Alilia, wala hakuona haya.

Nasi, ndugu zangu, ni hivyo hivyo. Tuna visadaka vyetu na sala zetu tunazozihesabu, twasema zinatosha kufidia deni letu kwa Mungu. Haya, wewe uliyeamka leo ukavuta pumzi kabla hujafanya jema lolote: ulilipa nini ukaipata?