Kifaru Mchungulia Chungu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na mafiga yao na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na Kifaru. Jitu zima, pembe mbele, shingo kama gogo. Na kazi ya hilo jitu ilikuwa nini? Kuchungulia chungu.

Ndiyo, wajukuu zangu. Mpishi akigeuka tu, Kifaru huyo jikoni, puu, puu, puu. Anafunua, anahesabu vipande vya muhogo. Mpishi akionja chumvi, anaulizwa kaonja kwa ruhusa ya nani. Mpishi wa mwisho, Kanga, alichoka akaenda zake na mwiko mkononi.

Mwaka huo jua liliunguza kila kitu, na Nguchiro ana watoto wanalia njaa. Akasikia Kifaru anatafuta mpishi.

"Shoga, usiende," Kanga akamwambia. "Yule atakuhesabia hata mate."

"Wewe nieleze tu anavyofanya."

Akaelezwa yote. Akajifunga kibwebwe, akaenda.

Barazani majirani wamejaa, maana mpishi mpya akiulizwa maswali, kwao ilikuwa ngoma. Fisi ndiye aliyetangulia. Kifaru akamuuliza swali lake la siku zote: "Huko ulikotoka, kipi hakikukupendeza?"

"Bwana mkubwa, bora usiniulize," Fisi akasema. "Yule Chui mchafu, mkewe ana kelele, watoto hawana adabu. Mifupa wananitupia mikavu, haina hata harufu."

"Ya Chui umeyamwaga kwangu. Yangu utayamwaga kwa nani?"

Fisi akaondoka anajichekesha mwenyewe. Kifaru akatikisa pembe, akajiona ana akili kuliko kijiji kizima. Haya, Nguchiro akaitwa.

"Huko ulikotoka, kipi hakikukupendeza?"

"Kazi haikuwa na neno, baba. Chakula hakikuwa na neno."

"Basi uliondoka kwa nini?"

"Naona haya kusema mbele za watu."

"Sema."

Majirani wakasogeza vigoda.

"Bwana yule alikuwa anaingia jikoni, baba. Mwanamume mzima, ana pembe zake, anainama kwenye moshi, anafunua chungu, anahesabu mihogo. Mimi ndiye niliyeona aibu kwa ajili yake. Nikasema, nikatafute nyumba yenye mwanamume."

Ngiri akakohoa. Hakuna asiyejua masizi ya pua ya Kifaru yalitoka wapi.

"Huyo bwana... ni nani?" Kifaru akauliza, masikio yamelala.

"Kumtaja sitamtaja. Nimekula kwake. Lakini kwako wewe sina wasiwasi. Nimelitazama umbo hilo nikasema, huyu hata mlango wa jiko haujui."

"Eti jirani," Ngiri akasema, "mlango wa jiko unaujua?"

"Siujui," Kifaru akanguruma. "Jiko ni la mpishi. Mimi sitii mguu."

"Mmesikia, jamani?" Nguchiro akauliza.

"Tumesikia," wakajibu wote, wengine wameziba midomo.

Basi Nguchiro akapata kazi. Akapika chungu kikubwa, mihogo na kunde, nazi imekolea. Watoto wake wakaingia kwa mlango wa nyuma, wakaketi kuzunguka sinia. Kifaru barazani anasikia tu: kolo, kolo, mwiko unakwangua. Akainuka.

"Umesimama, jirani, kuna nini?" Ngiri akamuuliza.

"Nanyoosha miguu."

Akaketi tena, anameza mate.

Jikoni, kitoto kimoja kikauliza, mashavu yamejaa: "Mama, yule bwana anayehesabu mihogo ulimpikia lini?"

"Sijampikia mtu maishani mwangu isipokuwa nyinyi," Nguchiro akasema. "Kuleni."

Na hadithi yangu imeishia hapo, jikoni, na funzo lake ni hili: mwenye majivuno mwambie aibu yake kama ya mtu mwingine, kamba atajifunga mwenyewe.