Kindi, Fisi na Mtoto Nusu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na mafiga, milango na vitanda vya kamba kama sisi, kila nyumba ya bonde moja ilipeleka kibuyu pangoni kwa Mzee Tembo. Ndani ya kibuyu mama alitia kokoto kwa kila mtoto wake, mbegu nyekundu kwa kila mtoto mgonjwa, na jani la mmea unaoota penye chemchemi anakoteka maji. Ndivyo wazee walivyojua, njaa ikija, wagawe chakula kiasi gani.

Na wote walitia kweli tupu, kwa sababu Tembo aliapa: "Cha nyumba ya mtu hakitatoka humu!"

Basi Bi Kindi alikuwa na kitindamimba wake, Mboni. Tumbo la Mboni likajaa ndi! kama ngoma. Mtoto hali, hachezi, analia tu. Kindi akayashuku maji ya Chemchemi ya Mianzi. Lakini amuulize nani? Pale bondeni, mama mwenye mtoto mgonjwa alifunga mdomo wake. Fisi akisikia kuna mtoto asiyeweza kukimbia, utamwona mlangoni anapiga hodi.

"Jibu limo vibuyuni," Kindi akajisemea. "Nitamwendea Mzee Tembo."

Alipofika akakuta Fisi amemtangulia, kavaa kanzu safi, sauti tamu kama asali.

"Shikamoo, Mzee Tembo! Mimi bwana nafanya utafiti."

"Marahaba. Utafiti wa nini?"

"Aa, kidogo tu. Mama Swala anakaa wapi siku hizi, ana watoto wangapi, na yupi kati yao aliyenona."

"Huo si utafiti, Fisi. Huko ni kuagiza chakula! Toka!"

Puu! Mkonga ukamsukuma, Fisi akabingirika hadi kichakani, kanzu juu, miguu juu.

Kindi akamkumbuka Mboni, akasogea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe unamtaka aliyenona wa nani?"

"Simtaki wa mtu, babu. Nataka kujua maji gani yanawaumiza watoto wa bonde hili. Ni wa nyumba ipi, hayo sina haja nayo."

Tembo akapepea masikio, pwaa, pwaa, akawaza.

"Haya, hilo ni swali. Weka kikapu chako hapo. Na kanga nayo ivue, mapindo hayo yanaficha mambo. Utaingia mikono mitupu, utatoka mikono mitupu, na Bundi, mlinzi wa vibuyu, atakaa nawe. Lakini kwanza uape."

Kindi akashika pembe ya Tembo. "Nikiitaja nyumba ya mtu, mkia wangu huu unyonyoke wote!"

Wajukuu zangu, mkia ndio uzuri wa Kindi. Hakuapa kwa mchezo.

Mle pangoni mlikuwa na baridi. Vibuyu havikuwa na majina, lakini Kindi ni mtu wa mtaani, atakosaje kuvijua? Hiki chenye shingo ndefu si cha Mama Twiga hiki? Na hiki cha nakshi ni cha Mama Swala, yule anayejishaua kisimani. Loo! Kumbe naye ana mbegu nyekundu humu!

Bundi akakohoa. "Macho kwenye swali, shoga."

Kindi akaona haya. Akaendelea kumwaga, kutazama, kurudisha. Kumwaga, kutazama, kurudisha. Penye jani la mwanzi, mbegu nyekundu tele. Penye jani la mgomba, ni nadra kuiona hata moja.

"Nimepata!"

"Polepole. Lete jibu nilipime kabla halijatoka mlangoni."

"Wanaokunywa maji ya Mianzi, watoto wao wengi wagonjwa. Wanaokunywa ya Migomba, karibu wote wazima. Na kule Chemchemi ya Matete yuko mtoto mmoja, naye mgonjwa."

"Hoo! Hilo la Matete halitoki. Kule wanateka kina nani?"

Kindi akajiziba mdomo. Kule alikuwa akiteka Bi Kakakuona, peke yake! "Mama yangu! Nikilisema, nimemtaja."

"Sawasawa. Liache humuhumu."

"Na hili je? Ukiwachanganya watoto wote wa bonde, ukazigawia nyumba sawa kwa sawa, kila nyumba inapata wawili na nusu."

Bundi akacheka. "Hilo hata katangaze sokoni. Halina nyumba ya mtu ndani yake."

Kindi akajifunga kanga, akabeba kikapu, mbio! Hajafika mbali, chap! mkia ukakamatwa.

"Nilikuwa nakusubiri, dada," alisema Fisi, kanzu imejaa miiba. "Tema."

"Niteme nini, kaka?"

"Ya vibuyuni! Nani ana watoto wangapi. Usiposema, mkia huu naufanya mswaki."

Kindi akawaza. Kata ya maji ya Mianzi aliiacha pembeni mwa kitanda cha Mboni. Kila akichelewa, mtoto anakunywa. Na aseme nini, naye ameapa? Mara likamjia. Akainamisha kichwa, akajiliza kwikwi kwikwi.

"Basi, kaka, usiniumize. Hesabu inasema kila nyumba ina watoto wawili na nusu."

"Kila nyumba?"

"Bundi mwenyewe kaipima."

Mate yakamtoka Fisi, chururu. "Na nusu! Huyo nusu anakimbiaje?"

"Mimi nitajuaje, kaka? Labda kwa kurukaruka."

"Hii hii hii! Basi sina haja hata ya kuchagua mlango!" Akapiga makofi kwa furaha, na kupiga makofi kunataka mikono miwili.

Pruu! Kindi huyo!

Alifika Mboni kashika kata, iko mdomoni. "Mwaga, mwanangu, mwaga!" Akaipiga kata teke, ikaenda kule. Kisha akapanda juu ya paa, akapaza sauti: "Jamani akina mama! Maji ya Mianzi yanaumiza watoto! Sote tukateke Migomba!"

Akina mama wakabeba mitungi. Hakuna aliyeulizwa mtoto wake ana nini. Hata Bi Kakakuona alipanga foleni kimya kimya, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Siku chache tu, Mboni akaomba uji, akaomba tena.

Na Fisi? Aliuchagua mlango mpana kuliko yote, apate kupitisha mzigo wake vizuri. Nyumba ya Mama Kiboko.

"Hodi!"

"Karibu."

Fisi akachungulia. Akaona mtoto mmoja, mkubwa kama jabali, anakula majani. Akatazama uvunguni. Hamna kitu.

"Mama, usinifanyie ujanja! Hesabu naijua. Wako wapi wawili na nusu?"

Mama Kiboko akasimama polepole, nyumba ikatikisika. "Wa kwangu ni huyu mmoja tu. Hiyo nusu utakuwa wewe, sasa hivi!"

Buu! Fisi akapita juu ya ua kama ungo uliorushwa. Alipotua alikuwa na miguu yake yote minne, ila kila mmoja ulitaka kukimbilia upande wake.

Hadithi imefika nyumbani, wajukuu zangu, na funzo lake ndilo hili: anayetafuta dawa ya wote hana haja ya kuianika siri ya mmoja.